Jiwe la Jiko la Faustin

Nyinyi vijana munaojenga, zaidi nyinyi wasichana munaonitumia picha mu simu ya mujukuu wangu na kuniuliza, "Koko, juu ya meza ya jiko tuweke nini?", kaeni chini. Nitajibu mara moja. Mwenye hatapenda jibu yangu aende kuuliza muuzaji. Muuzaji atamujibu vizuri sana, na meno yote nje.

Mimi nilifanyaka fromaji, ile jibini ya maziwa ya ng'ombe. Nguvu yangu yote niliimalizia mbele ya meza, na si kwa kukaa, kwa kusimama. Miguu yangu munaiona vile inavimba jua ikianza kushuka. Shule niliachia mwaka wa tatu wa primeri, sababu kaka zangu njo walipaswa kusoma, kwa hiyo sina maneno ya kupamba. Ila meza nazijua. Ya udongo, ya mbao, ya simenti, ya karo za kubandika, ya marumaru, na sasa hii mupya ya mashini, ile wanaita jiwe la kuchomwa. Muntu akianza kuniuliza rangi, nanyamaza. Rangi si swali. Swali ni hii: kitu gani kitamwangika juu yake, na nani atasimama pale kila siku? Wengi wenu hamutajibu ile ya pili, sababu si nyinyi mutasimama.

Mwenye kunifundisha kazi alikuwa Mama Konsolata. Mwanamuke mufupi, mukali, hapa hapa upande wa Kirolirwe, kwa patron mumoja, tajiri mwenye ng'ombe mingi. Kila asubuhi, mbele maziwa haijaingia, alikuwa anainama na kunusa meza. Anaweka pua kabisa, kutoka mwanzo mpaka mwisho, sawa mbwa anatafuta panya. Akisikia uchachu hata kidogo, hakuna muntu anamimina. Tunaanza tena kusugua na maji ya moto. Sisi wasichana tulikuwa tunamucheka nyuma ya mulango.

Siku moja patron mwenyewe aliingia na muguu wa mbuzi, akauweka juu ya meza ya maziwa, akaanza kupiga habari. Konsolata akakamata ule muguu, akatoka nao nje, akautundika ku kioo cha gari ya patron. Patron akamufuata mbio.

"We Konsolata, uko na kichwa kweli?"

"Patron, meza ya maziwa haina rafiki. Hata wewe."

Patron alicheka siku ile. Siku ingine hakucheka, na ile nitawaambia sasa hivi, sababu njo somo yenyewe.

Wakati maziwa inaganda, inatoa maji ya kijani kidogo. Ile maji ya fromaji munayomwangia nguruwe, muiogope. Iko na uchachu unaokula. Kwa simenti inakula unga na inaachia muchanga; kisha mwaka mumoja meza inakuwa sawa barabara. Sasa patron akaenda mu muji, akarudi na marumaru nyeupe, sababu muke wake aliona kwa watu. Nzuri! Tulikuwa tunaona sura zetu ndani. Lakini marumaru na uchachu ni paka na panya. Ile maji ilianza kuilamba pole pole, na mvua kubwa ikifika, ile jiwe ilikuwa na ukali sawa ulimi wa ng'ombe. Patron akasema tuliisugua na muchanga. Konsolata akamujibu, "Njoo uweke ndimu hapa, uone mwenyewe." Hakuweka ndimu. Alimufukuza. Mwanamuke aliyemutengenezea jina mpaka Goma akaenda na kitenge chake, na kisu chake, na ndoo moja. Patron akabakia na marumaru yake.

Mushike ile. Tajiri akichagua jiwe mbaya, mupishi njo analipa.

Kisha vita ikatufikia, tukakimbia upande wa Walikale. Tulikaa Kibua, kisha Mpofi. Kule hakuna ng'ombe wa kukamua, kuko pori na mvua. Nikapika mu restora ya mama mumoja, juu ya mbao mbili zilizopigwa misumari. Mbao si mubaya, musinisikie vibaya. Kisu kinaipenda, na sahani ikianguka juu yake haipasuki. Lakini mbao inakunywa na haitapikaki. Leo unapasulia samaki, kesho unapasulia nanasi, na kama jua haijatoka kuikausha, yote inakaa pamoja ndani. Kule Walikale jua inatoka wakati inapenda. Muteja mumoja, muntu wa kuchimba mawe, aliuma nanasi yangu, akasimamisha mudomo.

"Mama, hii nanasi waliivua mu muto gani?"

"Kula," nikamwambia. "Samaki haulipie."

Watu walicheka mpaka chai ikamwangika. Mimi nilicheka kwa mudomo tu. Nilikuwa mufanya-fromaji mukubwa, na niko napasulia watu nanasi inayonuka makayabo, ile samaki ya chumvi.

Tulirudi. Ng'ombe hawakurudi. Janvier, mutoto wangu wa pili, naye hakurudi, na sitasema vile ilikuwa. Alituachia muke wake, Vumilia, na watoto wadogo. Vumilia njo alikamata kazi yangu. Mikono yangu ilikuwa imeshapinda, kwa hiyo mimi nilikaa ku kiti na kusema, yeye akafanya. Anakusanya maziwa kwa majirani, kibido kwa kibido, yale madumu madogo, anaipasha moto, anatia dawa ya kugandisha, anakata, anakamua. Mutoto mwenye akili. Lakini meza yake ilikuwa ya mbao, ile ya zamani, imekunywa mpaka imelewa. Hata ukiisugua na maji inayochemuka, uchachu unabakia ndani. Fromaji yake ilianza kuvimba sawa tumbo ya mutoto mwenye minyoo. Ukiikata unakuta matundu na harufu. Mama wa soko kule Goma aliyekuwa anazinunua akaanza kuzirudisha. Mu hii nyumba, nyinyi wajukuu wote munaosoma, kalamu zenu na sabuni zenu zinatoka mu ile fromaji. Ikikufa, tunakufa nayo. Hakuna kitu ingine.

Njo wakati ule mutoto wangu wa kwanza, Faustin, yule wa biashara kule Goma, alijenga nyumba yake hapa mu lupango yetu, mu kiwanja ya bwana wangu. Mabati ya rangi, madirisha makubwa, na jiko ndani, wazi kwa saloni, wageni wakikaa waione. Akanipigia simu.

"Mama, kuja Goma tuchague jiwe ya jiko. Wewe njo unajua mameza."

Nikamwambia, "Nitakuja. Lakini Vumilia naye anahitaji."

"Tutaona, Mama. Kuja tu."

Nikaenda. Mu kikapo yangu nilitia ndimu na chupa ya maji ya fromaji. Kufika kwa muuzaji, akatuonyesha mawe yamesimama ku ukuta, marefu kunipita. Kijana mwenye shati imepigwa pasi sana. Akatufasiria ile ya kuchomwa: wanasaga mawe na udongo, mashini inakandamiza na nguvu, kisha wanachoma mu furu, tanuru kali kuliko ya matofali. Haina gundi ndani, haina matundu.

"Mama, hii hata radi ikipiga, haisikie."

"Radi haipikaki kwangu," nikamwambia. "Lete vipande vidogo, ile ya mifano."

Akaleta. Nikatosha chupa mu kikapo. Alinitazama sawa nimemuletea mukojo. Nikamwangia maji ya fromaji juu ya kipande cha kila jiwe, nikakamulia na ndimu, nikasema tuende kula, tutarudi. Vijana, hii njo ya kufanya. Musipapase jiwe na mukono mukavu museme nzuri. Muipatie ile uchafu itakayokutana nayo kwenu. Mafuta ya mawese, nyanya, ndimu, kahawa. Muiachie wakati mukubwa. Jiwe ni sawa muchumba: siku ya kwanza wote wako safi.

Kurudi, marumaru ilikuwa imepoteza mwangaza fasi ile ndimu ilikaa. Graniti moja nyeupe ilikuwa imekunywa, na alama ikabakia. Muuzaji akasema graniti wanaipakaka dawa ya kuziba, kisha unapaka tena, na tena. Nikamuuliza, "Ile dawa utaniletea Kirolirwe wewe?" Ile ya kuchomwa nilipangusa na kitambaa, ikawa sawa hakuna kitu kilipita.

Ku mulango wa magazini, ile duka ya mawe, kulikuwa mama anakaanga mandazi. Nikamuomba kikaango yake, mafuta amemwanga pembeni, ikiwa bado moto kabisa. Nikaiweka juu ya kipande cha jiwe ingine, ile ya kung'aa inayochanganywa na gundi, Faustin aliipenda sana. Kuitosha: duara ya manjano, na harufu ya plastiki. Muuzaji akapiga kelele. Faustin akanikamata mukono.

"Mama, uko unanipatisha haya mbele ya watu!"

"Haya itakupata siku muke wako ataweka chungu."

Nikaiweka juu ya ile ya kuchomwa. Hakuna kitu. Nikakwangura na kisu. Kikaacha mustari mweusi, nikapangusa, mustari ukatoka. Ile ilikuwa chuma ya kisu, si jiwe. Lakini musikatie moja kwa moja juu yake, kisu kitakufa. Mukuwe na kibao.

Muangalie tena ubavu wake. Kuko zile zenye rangi juu tu, sawa mukate uliopakwa siagi. Ganda ikitoka, tumbo inaonekana. Mutafute ile yenye rangi mpaka ndani. Na muipime ku ukingo, sababu ukingo njo ugonjwa yake. Katikati iko na nguvu, lakini pembeni sufuria nzito ikipiga inatoa kipande. Mu shimo la kuoshea vyombo, fundi asikate pembe kali, azizungushe, ao ufa utaanzia pale. Na ile ya kung'aa mu jiko ya kazi mukatae. Kila kidole kinabaki pale kinakushitaki. Tulikamata ya kijivu, isiyong'aa. Faustin alikuwa anataka nyeupe yenye mishipa ya zahabu. Alikubali ya kijivu wakati muuzaji alisema njo yenye bei kubwa kupita.

Ilikuwa ndefu kupita jiko yake. Faustin akasema pale pale, muuzaji akisikia:

"Kipande kitakachobakia ni cha Vumilia. Mama, nakuapia."

Nikarudi na moyo mwepesi. Nikamwambia Vumilia apime fasi yake. Akakamata kamba, akapima, akapiga tena magoti, akapima mara ingine. Akatengeneza hata musingi wa matofali, umenyooka, na akauinamisha kidogo mbele ili maji ya fromaji itelemuke yenyewe mu ndoo. Sikumufundisha ile. Alifikiri mwenyewe.

Fuso iliyobeba jiwe ikakwama mu matope, kule chini ya mulima. Vijana wa koro, waimbaji wa kanisa, wakashuka kusaidia, mukubwa wao Papa Bahati mbele, na mimi na fimbo yangu nyuma. Shoferi akasema:

"Ile inabebwa yakusimama, sawa kioo. Musiilalishe."

Papa Bahati akacheka. "Yakusimama mu hii njia? Tukiteleza itatuangukia. Sisi tunajua kubeba vitu vya maana."

Wakamupigia Faustin, simu wakaifungulia sauti. Na mimi nilisikia na masikio yangu haya, vile alijibu:

"Mutengeneze kipoyi! Mubebe sawa munabebaka mugonjwa. Mupole, mupole!"

Muelewe. Hapa kwetu, mulima na mulima, hakuna gari. Mwanamuke wa uchungu, muzee, muntu wa risasi, wote tunawabebaka mu kipoyi: miti mbili, kamba zimesukwa katikati, wanaume wane, na wengine wa kubadilisha. Hakuna kitu tunajua kufanya na upendo kupita ile. Wakakata miti. Wakasuka kamba. Wakatandika majani ya migomba, na blanketi juu. Mimi sikujua kama iko mubaya. Ile jiwe ilikuwa mugeni kwangu vilevile. Shoferi peke yake alikuwa anatikisa kichwa na kuvuta sigara.

Wakaimba, wakainyanyua. Ikaenda vizuri, watoto mbele. Ku ngazi ya udongo, karibu na kisima, wenye walikuwa mbele wakapanda, wa nyuma wakabakia chini, kamba zikalegea katikati. Mugonjwa angejikunja kidogo na kulia "mama", na maisha ingeendelea. Jiwe haijui kujikunja. Ikalia sawa muti mukavu. Wimbo ukakatikia mu kinywa.

Kijana mumoja akatosha kofia. Papa Bahati alikuwa bado ameshika muti ku bega, hajui aushushe ao abakie nao.

"Lakini tulimubeba mupole," akasema. "Kweli ya Mungu, tulimubeba mupole."

Hakuna muntu alicheka. Leo wanacheka.

Faustin alifika na fundi kutoka Goma. Akapigia vijana makelele, akawaita washenzi. Wakanyamaza, sababu walijua nani alisema kipoyi, lakini walijua pia nani anachangia mabati ya kanisa. Ufa ulikuwa umepita vibaya, umekula fasi kubwa. Fundi akapima.

"Boss, tukiunganisha na gundi, itatosha jiko yako. Lakini ukiondoa ile kipande ya Mama Vumilia, haitafika ku ukuta."

"Tia yote."

Nikamuuliza, "Faustin, na neno yako?"

"Mama, si mimi nilivunja."

"Si nakuuliza nani alivunja. Nakuuliza neno."

"Nitamununulia ingine."

"Lini?"

"Mungu akijalia."

Mungu anabebeshwa mizigo mingi mu hii familia.

Ile mashini ya kukatia inataka maji kila wakati, jiwe isipasuke na vumbi isiingie mu mapafu ya fundi. Nani alipanda na maji kutoka kisima? Vumilia. Bido ku mugongo, anapanda, anamwanga, anashuka, mpaka jiwe yote ikaingia kwa Faustin. Hakusema hata neno. Mimi nilitaka aseme. Angesema, ningepata njia ya kusema na mimi. Mwanamuke asiye na bwana kwa watu wa bwana anajifunza kumeza, na anameza mpaka inamuzoea.

Kukafanyika sikukuu ya kufungua nyumba. Pasta akaombea, wageni wakapiga picha wameegemea jiwe. Juu yake waliweka maua ya plastiki na chupa za bia. Na chakula? Ilipikwa nje, nyuma, ku mafiga matatu, mu moshi, na nani? Vumilia na mimi. Kisha wakaibeba ndani na kuipanga juu ya jiwe ili ipendeze. Mule ndani hakuna muntu alishapasulia hata kitunguu kimoja. Kesho yake Faustin akafunika jiwe na shuka, akafunga jiko na mulango, mufunguo akamuachia Papa Safari, mulinzi, akarudi Goma. "Wasiichafue," akasema.

Mvua ikakaza. Mama wa soko akarudisha fromaji zote, hakuacha hata moja, na akatuma neno kama asiletewe tena. Zilikuwa zimevimba mpaka zimepasuka. Vumilia akazimwaga kwa nguruwe, akanawa mikono, akakuja kupiga magoti mbele ya kiti changu.

"Mama, mimi nimechoka. Kuko wanawake wa Mpofi wanaouza makayabo na mafuta, wamesema watanikaribisha. Nitakwenda. Watoto nitakuachia, nitatuma kitu nikipata."

"Ni ile mbao tu," nikamwambia. "Kazi yako haina kosa."

"Najua ni mbao, Mama. Lakini mbao njo niko nayo."

Watoto walikuwa wanasikia. Mudogo akauliza Mpofi ni wapi. Mimi Mpofi naijua. Najua vile mwanamuke anaenda kule na jina yake, na anarudi bila.

Kwa hiyo asubuhi, maziwa ya majirani imeshafika mu bido, niliwaita wote mbele ya nyumba: Vumilia, watoto, Papa Safari, hata Papa Bahati aliyekuwa anapita na majembe. Nikasimama, bila fimbo. Nikasema hivi, na mumuandikie Faustin ya kwamba ni mimi nilisema:

"Safari, lete mufunguo ya jiko. Usiniangalie vile, hii udongo ni ya bwana wangu na mimi bado napumua. Mutoshe ile shuka, mutoshe na maua. Bahati, ile mbao ya zamani ipasue, ikuwe kuni leo leo. Vumilia, funga kitenge vizuri, ingiza maziwa mule ndani, na ndoo, na vitambaa, na chumvi, yote. Ule mustari wa gundi uukimbie, fanyia kazi upande mwingine. Haumuombi muntu. Na Faustin akikuja, na wageni wake ao peke yake, abishe mulango, avue viatu, na anawe mikono mbele ya kuingia."